Unanunua Subaru WRX Dar na unaiendesha hadi Iringa: ikague kwa macho ya Kitonga

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kilomita kama 500. Sehemu kubwa ya safari hiyo hata gari lililochoka linaimaliza, ilimradi linawaka. Kipimo kinakuja baada ya Ruaha Mbuyuni. Unatoka bondeni kwenye joto na mibuyu, unaanza kupanda mlima Kitonga kona baada ya kona, mbele yako lori la mzigo linatambaa, upepo unaoingia kwenye rejeta ni mdogo na turbo haipumziki. Injini yenye gasketi iliyoanza kuachia inaweza kuunguruma vizuri kabisa kwenye yadi ya muuzaji, halafu ikachemka hapo.

Kwa hiyo ukaguzi ninaoueleza hapa una swali moja: gari hili likikaa kwenye joto na mzigo kwa muda mrefu, litafanya nini? Rangi inayong'aa na sauti ya ekzozi havijibu swali hilo. Nazungumzia Impreza WRX na STI zenye injini ya EJ yenye turbo kwa sababu ndizo vijana wengi wanazifuata, ila hatua nyingi zinafaa hata kwa Forester XT au Legacy GT, maana ni ukoo mmoja.

Kabla hujatoka nyumbani

Mwombe muuzaji picha tatu: kadi ya gari, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi yenyewe, na karatasi ya mnada wa Japani kama anayo. Herufi za mwanzo za namba ya chesisi zinakwambia mengi. GDA ni WRX, GDB ni STI ya umbo la sedani ya miaka ya 2000 hadi 2007, GRB ni STI ya mlango wa nyuma iliyokuja baada yake, GVB ni sedani yake. GH8 ni S-GT, Impreza ya turbo isiyo STI. STI za GDB, GRB na GVB hutoka kiwandani na giaboksi ya gia sita. Ukitangaziwa STI, ukakuta chesisi inaanza na GDA na gia ni tano, hiyo ni WRX iliyobandikwa nembo za waridi. Si lazima uikatae, lakini usilipe bei ya STI.

Kwenye karatasi ya mnada angalia daraja na kilomita. Gari la daraja la 4 au 4.5 lilikuwa katika hali nzuri siku ile lilipopigwa mnada. R au RA maana yake liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Kilomita za kwenye karatasi zikiwa 140,000 na dashibodi inaonyesha 85,000, huna haja ya kuendelea na mazungumzo.

Kisha sema neno moja la mwisho kwenye simu: "Kaka, naomba usiliwashe mpaka nifike."

Injini ikiwa baridi

Ukifika, weka kiganja juu ya bonneti, halafu fungua na uguse injini yenyewe. Ikiwa ya moto, ameiwasha. Mara nyingine ni haraka tu ya kulitoa mahali lilipokuwa, mara nyingine anaficha namna linavyoamka. Vyovyote iwavyo, subiri lipoe au rudi kesho asubuhi. Mengi ya muhimu hapa yanaonekana kwenye dakika tano za kwanza, na huwezi kuyapata tena mpaka injini ipoe.

Vuta kijiti cha oili. Kiwango kiwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Oili nyeusi si dhambi, ni oili iliyofanya kazi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Oili mpya kabisa inayong'aa siku ya kuuza inataka swali: ilibadilishwa lini na kwa nini leo? Wako wanaoweka oili nzito ili kuzima kelele.

Sasa fungua kifuniko cha maji. Fanya hivyo kwenye injini baridi peke yake, maana ikiwa ya moto maji yatakurukia usoni. Subaru nyingi za turbo zina vifuniko viwili: kimoja kwenye rejeta, kingine kwenye tangi dogo lililo juu zaidi, karibu na kipoza hewa cha turbo. Maji hujazwa kupitia lile tangi la juu. Fundi asiyezijua hizi gari hujaza kwenye rejeta peke yake, hewa ikabaki ndani, na gari likachemka bila kitu chochote kuwa kibovu.

Kulanti (maji ya kupozea injini) nzuri ni ya kijani au ya buluu, safi, unaona ndani. Maji ya kahawia yenye kutu yanakwambia gari limeishi kwa maji ya bomba. Chovya kidole na ukisugue na gumba: utelezi wa kulanti ni wa kawaida, utelezi wa mafuta si wa kawaida. Kagua pia shingo ya tangi la akiba la plastiki. Utando mweusi wenye mafuta uliozunguka mdomo wake, hata kama maji ni mapya, ni alama ya gesi ya injini kupenya kwenye maji kwa muda mrefu. Muuzaji anaweza kubadilisha maji kwa dakika chache, lakini ni wachache wanaokumbuka kusugua tangi.

Liwashe, na usiwe na haraka

Funguo ikiwa kwenye hatua ya pili kabla ya kuwasha, taa ya injini, ya oili, ya ABS na ya eabegi zote ziwake, kisha zizime baada ya injini kuamka. Taa ya injini isiyowaka kabisa imetolewa au imekatwa waya. Tazama na saa ya redio: ikiwa imerudi mwanzo, betri ilichomolewa karibuni, na hapo kumbukumbu za makosa zimefutika.

Injini ya EJ baridi huweza kugonga kidogo kwa sauti nyepesi, pistoni zikitafuta nafasi yake. Inapopata joto sauti hiyo hupotea. Mlio wa kuogopa ni ule wa kina unaotoka chini, unaobaki hata injini ikiwa ya moto. Ili kuusikia, injini ikishapata joto panda taratibu hadi mizunguko 3,000 kisha achia. Ukisikia ko-ko-ko wakati mizunguko inashuka, hizo ni beringi za konrodi. Injini hizi hubeba oili lita nne na kitu tu, na dereva aliyezoea kuiacha ishuke huzimaliza beringi kwanza. Hapo ondoka. Hakuna punguzo la bei linalofidia injini inayonoki, kwa sababu gharama yake huijui mpaka ifunguliwe.

Wakati huo mtu mmoja asimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha na wenye harufu tamu ni kulanti. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Mvuke mwepesi asubuhi ambao unakatika baada ya dakika chache ni maji ya kawaida tu kwenye ekzozi.

Maji: hapa tumia muda wako mwingi

Dakika mbili baada ya kuwasha injini baridi, bana paipu ya juu ya rejeta kwa vidole. Inapaswa kuwa bado laini. Ikiwa ngumu kama jiwe wakati maji hayajapata joto, presha hiyo haikutokana na joto. Imetoka ndani ya silinda.

Acha injini ipate joto kamili, kisha tazama tangi la akiba huku mwenzako akishikilia mizunguko 2,500. Viputo vichache mwanzoni si tatizo, hasa kama maji yamejazwa karibuni. Viputo vinavyotoka mfululizo, vidogo vidogo, visivyokoma, ni gasketi ya silinda hedi. Fundi mwenye kifaa cha kupima gesi akuwekee kile kimiminika cha buluu juu ya maji: kikigeuka njano, gesi ya moto imo. Ni kipimo rahisi na nafikiri kila anayenunua injini hizi adai kifanyike.

Washa hita ya ndani hadi mwisho. Ikitoa hewa ya moto ukikanyaga mafuta, na ya baridi gari likisimama injini ikizunguka taratibu, maji yamepungua au kuna hewa kwenye mfumo. Watu wa Dar hawawashi hita, ndiyo maana dalili hii hukaa miezi bila kujulikana.

Mwisho washa AC na uangalie feni zote mbili. Zote zizunguke. Feni moja iliyokufa hutaisikia barabara ya Chalinze kwenye upepo wa kasi 80, utaisikia nyuma ya lori pale Kitonga.

Mkanda wa taiming na mgandamizo

Mkanda wa taiming wa injini hizi hubadilishwa kufikia kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana na silinda hedi zote mbili zinaingia gharama. Pampu ya maji nayo huzungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja na roli zake na kikazio chake. Usikubali maneno "ulibadilishwa". Taka risiti, au fundi afungue kifuniko cha pembeni, ambacho kimeshikwa na boliti chache tu, auone kwa macho. Mkanda wenye nyufa, uliolowa oili au wenye kingo zilizochanika haupandi mlima wowote.

Pima mgandamizo wa silinda zote nne. Usisumbuke sana na namba yenyewe, angalia tofauti: zisipishane zaidi ya asilimia 10. Kwenye injini za lita 2.5 zenye turbo, silinda moja ikiwa chini peke yake mara nyingi ni pistoni iliyopasuka kwenye kingo za ringi. Kazi hii inachukua muda kwa sababu plagi zimefichwa pembeni, na fundi atataka hela yake. Mlipe.

Turbo na vikorombwezo

Vua paipu ya hewa inayoingia kwenye turbo. Shika ncha ya shafti kwa vidole viwili: kucheza kidogo sana kulia na kushoto kunakubalika, kusukumika mbele na nyuma hakukubaliki. Tabaka jembamba la oili kwenye paipu ni kawaida, dimbwi si kawaida.

Mimi naipenda gari ambayo haijaguswa. Valvu ya turbo inayopiga chafya nje imewekwa kwa ajili ya sauti, na kwa kuwa kompyuta ya Subaru imeshaihesabu ile hewa inayomwagwa, injini inapata petroli nyingi kuliko inavyotakiwa kila unapoachia mafuta. Masega (vichujio vya moshi ndani ya ekzozi) yakitolewa bila kompyuta kupangwa upya, presha ya turbo inaweza kupanda kupita kiasi. Tena hizi gari zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chake rasmi hakishuki chini ya okteni 96. Aliyepandisha presha kwa programu ya huko, kisha akanywesha petroli ya kituo cha njiani, anaichosha pistoni kila anapokanyaga. Ukikuta marekebisho, uliza nani aliyeyafanya na kompyuta ilipangwa kwa petroli gani. Jibu la kubabaika ni jibu tosha.

Kuhusu kupima kwa kompyuta: vile vifaa vidogo vya kuchomeka na kusoma kwenye simu mara nyingi havizisomi Subaru za soko la Japani za miaka ya mwanzo ya 2000. Tafuta gereji yenye mashine inayoongea na Subaru.

Matairi na mfumo wa magurudumu manne

Matairi yote manne lazima yawe saizi moja na yamelika karibu sawa. Subaru yenyewe inataka tofauti ya mzunguko wa tairi isizidi robo inchi, kama milimita 6. Matairi mawili mapya na mawili yaliyolika huifanya difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ibishane na barabara kilomita zote 500.

Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye zaidi ya miaka sita, hata kama lina nyuzi, mimi sisafiri nalo. Angalia pia kama limeandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji yaliyokuja na gari kutoka Japani. Mpira wake ni laini kwa makusudi, na kwenye lami ya moto ya Mlandizi hulainika zaidi na kuyumba kwenye kona. Yanaonekana mapya na mazuri, ndiyo maana yanadanganya wengi. Bei ya matairi manne iingie kwenye mazungumzo.

Tafuta uwanja wa wazi, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole. Gari likijikaba na kurukaruka kama limeshikwa breki, difu ya katikati imechoka. Mlio wa tak-tak-tak ni CV jointi, na utaona buti lake limechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu.

Bodi, kwa ufupi

Pitisha macho kwenye nafasi kati ya mlango na fenda, pande zote mbili ziwe sawa. Boliti za fenda na bonneti zisiwe na alama za spana. Ukitumia sumaku kutafuta puti, ujue bonneti za GDA na GDB ni za alumini, haitashika hata kama haijawahi kuguswa. Ingia chini na tochi: gari lililotumika mikoa ya theluji ya Japani huliwa na chumvi kwenye mikono ya nyuma na kingo za sakafu. Minara ya shokapu ndani ya bonneti isiwe na alama za kuchomelewa.

Barabarani

Liendeshe nusu saa angalau, foleni na mwendo vyote viwemo. Foleni ya Dar ni zawadi hapa, maana inaiga joto la mlimani kuliko barabara tupu.

Kujaribu kilachi, tembea kilomita 40 kwa saa ukiwa gia ya nne kisha kanyaga mafuta. Mizunguko ikipanda na gari halifuati, kilachi inateleza. Ingiza gia ya pili na ya tatu kwa haraka kidogo: kukwaruza ni sinkro za gia zilizochoka, na giaboksi ya gia tano ya WRX inajulikana kwa kutopenda ubabe. Funga breki kwa nguvu kutoka kasi 80 mahali salama. Usukani usitikisike, gari lisivute upande. Zima redio usikilize mvumo wa nyuma unaoongezeka na mwendo, beringi za magurudumu ya nyuma ndizo huanza.

Ukirudi, usilizime mara moja. Liache dakika chache, tazama geji ya joto, nusa harufu ya oili inayoungua juu ya ekzozi, kisha zima na uliwashe tena likiwa la moto.

Karatasi

Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awepo mwenyewe. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki wa polisi, deni likiwepo lilipwe kabla hujatoa hela. Bima ihakikiwe kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, ila ni afadhali ukate yako kabla ya kuondoka. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki TRA usiuache "wiki ijayo".

Siku moja ya gereji kabla ya safari

Hata gari likiwa zuri, usiondoke siku hiyohiyo. Badilisha oili na filta kwa daraja la kitabu cha gari (wengi huku wanatumia 5W-40 ya sintetiki), kulanti mpya iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, oili ya giaboksi na difu 75W-90, na plagi. Mkanda ukiwa na shaka, badilisha. Vifuniko vyote viwili vya maji navyo viwe vipya na kila kimoja cha kipimo chake, maana presha vinayoishikilia ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema.

Vya kubeba: oili lita mbili, maji safi lita tano, reflekta, mtungi wa kuzimia moto, jeki, spana ya magurudumu. Rimu za spoti mara nyingi zina nati za kufuli. Ufunguo wake usipokuwepo, pancha ya Mikumi itakulaza Mikumi. Na kwenye STI yenye breki za Brembo, jaribu tairi la akiba kwenye gurudumu la mbele ukiwa bado gereji, kwa sababu la rimu ndogo halipiti juu ya kalipa.

Njiani

Ondoka alfajiri. Kibaha simama, fungua bonneti, angalia kama kuna kinachovuja. Chalinze pima oili. Morogoro ndipo pa kuamua: kuna mafundi, kuna vipuri, kuna pa kulala. Geji ikiwa imepanda hata kidogo, au oili imeshuka nusu ya kijiti, safari iishie hapo. Mbele ya Morogoro msaada ni wa kubahatisha.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi barabara inapita kama kilomita 50. Mwendo ni 70 mchana na 50 usiku, na kumgonga mnyama kuna faini kubwa. Pita mchana. Vijijini kote heshimu kibao cha 50, tochi zipo.

Ruaha Mbuyuni pumzika nusu saa, acha injini itulie. Ukianza Kitonga zima AC, tumia gia ya pili au ya tatu na uache mizunguko iwe ya kati. Kukanyaga mafuta mengi ukiwa gia ya juu na mizunguko ya chini ndiko kunakoua pistoni za turbo. Acha nafasi kubwa nyuma ya lori ili hewa ipite, na usilipite kwenye kona kwa sababu tu una nguvu ya kulipita.

Mshale wa joto ukianza kupanda, washa hita hadi mwisho, tafuta pa kuegesha, zima ukishasimama, na usifungue kifuniko wala kumwagia injini maji ya baridi. Taa ya oili ikiwaka hata kwa kupepesa kwenye kona, zima palepale. Ukifika juu salama, nenda pole kilomita za mwanzo kabla ya kusimama Ilula, turbo ipoe.

Asubuhi ya kesho yake Iringa, kabla ya kuliwasha, pima tena maji na oili ulinganishe na kiwango cha siku ile ya gereji. Maji yakiwa palepale, anza kulizoea gari lako. Yakiwa yamepungua na chini hakuna tone, rudisha kifaa cha kupima gesi kwenye tangi siku hiyohiyo.